Radi Zinazonong'ona

Asubuhi hiyo Baba alirudi kutoka lindoni kichwa wazi. Mama, aliyekuwa anafunga robota lake la mitumba tayari kwenda sokoni, alimtazama kichwani, akatazama sakafuni kana kwamba kofia imeangukia pale, kisha akamtazama tena kichwani. Tangu waoane hakuwahi kumwona mumewe amevaa sare bila kofia. Alionekana kama chungu kisicho na mfuniko.

"Kofia iko wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"Kwa msimamizi."

"Umempa?"

Baba alikaa kwenye kiti, akaanza kuvua viatu kwa utaratibu wa mtu asiyetaka kufika kwenye kiatu cha pili. "Sikumpa. Kaichukua."

"Kakunyang'anya? Mtu mzima na ndevu zako?"

"Hakuninyang'anya. Kaivua tu, polepole."

"Na wewe wakati anaivua polepole ulikuwa unafanya nini?"

Kiatu cha pili kilikuwa kimeshatoka, na soksi pia. Hapakuwa tena na kitu cha kuvua. "Nilikuwa nimefumba macho," alisema Baba, "ili nisikie vizuri."

Mama alikaa juu ya robota. Huyu mwanamke alikuwa na sauti ya kazi. Sokoni alikuwa akiita wateja waliosimama ng'ambo ya barabara, na walikuwa wanakuja, wengine kwa sababu ya nguo na wengine ili anyamaze. Sauti hiyo haikujua tofauti ya soko na sebule.

"UMELALA KAZINI!"

Nyumba zile zilikuwa zimeshikana ukuta kwa ukuta. Upande wa pili jirani alikohoa, kisha akasema kwa upole, "Pole, jirani. Yatapita." Baba akafunika uso kwa soksi.

Msimamizi wa walinzi alikuwa mtu wa pikipiki. Kazi yake ilikuwa kuzunguka usiku kucha kutoka lindo hadi lindo akitafuta aliyesinzia. Huzima injini mbali, akaja kwa miguu, akinyata kama mwizi wa kuku. Akimkuta mlinzi amelala hamwamshi. Humvua kofia, akaenda zake, na mwenyewe akizinduka anajipapasa kichwani na kujua kwamba yamemkuta. Kofia za watu zilikuwa zimejaa kwenye kabati lake.

"Sasa kasema nini?" Mama aliuliza, safari hii kwa sauti ambayo jirani ilibidi ajitahidi kidogo kuisikia.

"Nifanye kazi bila kofia mpaka aridhike. Na akinikuta tena hachukui kofia. Anachukua sare yote palepale, kazi imeisha, narudi nyumbani na fulana."

Mama alishika mdomo. "Ile yenye matundu?"

"Ndiyo niliyonayo."

Hapo Mama alinyamaza kweli, maana mitumba ina siku zake na mshahara wa mlinzi ndio uliokuwa ukilipa pango la nyumba kila mwezi bila kukosa. Alitazama mlango wa chumba cha wasichana. Nyuma ya mlango huo mtu alikuwa anajaribu gitaa, na mwingine anamwambia ongeza, ongeza tu, bado haijatingisha dirisha.

*

Waliokuwa wanataka kutingisha dirisha walikuwa watatu, na bendi yao iliitwa Radi Tatu. Dada Mkubwa, aliyekuwa akiuza dawa kwenye duka la barabara kuu, alipiga gitaa na kuimba. Mdogo wake, ambaye tangu anatambaa alikuwa akigonga kila kitu hata wakamwita Kishindo, alipiga ngoma. Seti yenyewe waliinunua kwenye baa iliyofilisika, na pengo la toazi lililokosekana waliliziba kwa mfuniko wa sufuria kubwa ya Mama, jambo ambalo Mama alilijua siku alipotaka kupika maharage. Wa tatu alikuwa Wifi, mke wa kaka yao aliyekuwa akifanya kazi mbali. Wifi alipiga kinanda. Ilisemekana pia kwamba anaitikia, lakini hakuna aliyewahi kumsikia, kwa sababu ya ngoma, na kwa sababu alikuwa hawezi kupaza sauti karibu na baba mkwe.

Muziki wao haukuwa wa dansi, wala wa kwaya, wala wa kufokafoka. Walitunga wenyewe, juu ya mambo madogo: mtu aliyesahau mwavuli, mtu anayenusa shati. Ukiwauliza ni muziki gani, Dada Mkubwa alijibu kwamba bado wanautafuta. Kwa muda mrefu waliutafuta kila mchana, baada ya Dada Mkubwa kutoka zamu ya asubuhi, ukuta wa mbao ukiwatenganisha na kitanda cha mtu anayekesha.

Alasiri hiyo Mama alirudi mapema, akawaita wote sebuleni. Baba naye alikuja, macho mekundu, shuka mabegani.

"Baba yenu halali," Mama alisema. "Usiku yuko kazini, mchana yuko na nyie. Kwa hiyo bendi basi. Hizo ngoma ziuzwe, na mfuniko wangu urudi jikoni."

"Mama!" Kishindo aliruka. "Tumeshakubaliwa kwenye onyesho la bendi chipukizi! Bendi itakayopendwa inapewa ukumbi kila Jumamosi!"

"Fulana ya baba yako ina matundu!" Mama akajibu, na wasichana, ambao hawakuwa wameambiwa habari ya fulana, wakatazamana.

"Waache, mama watoto," Baba akasema. "Si wao. Ni chai. Nadhani nakunywa chai nyingi."

"Baba," Dada Mkubwa alisema taratibu, kwa sauti anayotumia kwa wagonjwa dukani, "sema ukweli. Ni kelele zetu?"

Baba alijikuna kichwani, mahali pa kofia. Alikuwa anawapenda wanawe, na alijua aibu ya kuambiwa kazi yako haifai. "Si kelele," alisema mwishowe. "Kelele nimezoea, nalinda kiwanda. Ni pale kwenye kibwagizo. Ule wimbo wa mlango. Mnakosea palepale kila siku. Sasa mimi nikijilaza, nasikia mnaanza, najua kosa linakuja. Nalisubiri. Likipita, mnaanza upya, na mimi nasubiri upya. Mtu hawezi kulala anasubiri kitu."

Kishindo ndiye aliyeumia zaidi, kwa sababu yeye alikuwa hajawahi kuliona hilo kosa.

"Kosa gani?"

"Mimi si mwanamuziki. Kuna mtu anaingia kabla mlango haujafunguliwa."

Wifi aliinamisha kichwa. Yeye alikuwa analijua tangu siku ya kwanza, ila angeanzaje kumwambia wifi yake mkubwa?

Mabishano yalikuwa marefu, Mama akishikilia kuuza, Kishindo akilia kwa makusudi, Dada Mkubwa akiahidi kila kitu. Mwisho Baba ndiye aliyekata shauri, kwani alitaka kurudi kitandani. "Wafanye mazoezi," alisema, "ila nisisikie. Nikisikia hata kidogo, mnauza."

Mama aliwanyooshea kidole. "Mmesikia? Bila sauti!"

Bendi bila sauti. Jirani alicheka ukutani mpaka akapaliwa.

*

Walianza kwa hasira. Kishindo alitandika blanketi juu ya ngoma na kuvisha vijiti soksi za Baba, zilizokuwa nene za kazini. Mfuniko wa sufuria aliufunga leso. Dada Mkubwa alichomoa waya wa gitaa la umeme, likabaki likitoa sauti kama mbu aliye chumba cha pili. Wifi aliteremsha kinanda mpaka chini kabisa. Kisha waliimba kwa kunong'ona, nyuso zimekaribiana, kama watu wanaosengenya.

Wimbo wa mlango ulikuwa mfupi. Mtu anamwambia mwenzake aliyechelewa kurudi:

*Usigonge, sukuma tu,*
*mlango sikuufunga.*

Zamani waliupiga kwa nguvu, na Dada Mkubwa alikuwa akipiga kelele "USIGONGE!" kiasi kwamba aliyechelewa angeona bora alale nje. Sasa alinong'ona. Na aliponong'ona, kwa mara ya kwanza alisikia kitu kingine chumbani.

"Nani huyo?"

"Mimi," alisema Wifi.

"Huwa unaimba hapo?"

"Siku zote. Huo mstari wa 'sukuma tu' ni wangu. Unaingia juu yake, wifi yangu. Naomba radhi."

Dada Mkubwa aliweka gitaa chini. "Siku zote hizo? Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Kishindo alikuwa anapiga."

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Watu watatu walikaa chumba kimoja, magoti yakigusana, wakapiga pamoja muda wote huo, na hakuna aliyewahi kumsikia mwenzake. Kila mmoja aliongeza sauti ili ajisikie, na wenzake nao wakaongeza. Walirudia wimbo. Dada Mkubwa alisubiri, Wifi akasema "sukuma tu" kwa kisauti chembamba chenye mkwaruzo kidogo, halafu Dada Mkubwa akaingia, soksi za Baba zikafuata nyuma zikinyata. Kosa halikutokea. Kishindo, asiye na adabu ya muziki wala ya kitu kingine, alisisimka hadi shingoni, akasingizia baridi.

Nyumba nzima ilijifunza. Mama alikuwa akirudi sokoni, anafungua mlango kwa "MPO?" ya kawaida, kisha anajiziba mdomo mwenyewe. Akajifunza kugomba kwa kunong'ona, na wasichana waligundua kwamba Mama akinong'ona anatisha zaidi. "Nani," alikuwa akisema sikioni mwa mtu, "nani amekula nyama iliyokuwa kwenye bakuli?" Mtu alikiri papo hapo hata kama hakula.

Na Baba alilala. Alilala kama gogo, mikono kifuani, mpaka mate yakalowesha mto. Siku moja katikati ya wimbo kijiti kilimtoka Kishindo, wote wakanyamaza wakikitafuta chini ya kitanda. Papo hapo sauti nzito ikatoka upande wa pili wa mbao.

"Mbona mmeacha?"

Waliganda. "Tumekuamsha, Baba?"

"Mmeniamsha mlipoacha. Mimi ni mlinzi. Kiwandani mashine zikilia silali wala siamki, nipo nipo tu. Zikinyamaza ghafla ndiyo nashtuka. Endeleeni."

"Lakini ulisema usisikie."

"Sisikii," alisema Baba. "Endeleeni."

Ungedhani basi wangeelewa. Mtu akikuomba uendelee huku analala, huo si ujumbe? Lakini wao walihesabu kunong'ona kule kuwa ni jela tu. Kila jioni walizungumza juu ya siku ya onyesho, siku watakapochomeka waya, kuvua soksi na kunguruma kama jina lao. Mama aliwashonea magauni ya rangi ya mawingu kutoka kwenye mapazia ya mitumba.

Kitu kimoja tu kilibaki kinauma. Getini kiwandani Baba alisimama bila kofia, na madereva wa malori wakampita wakiuliza, "Mzee, unamsubiri nani?" Mlinzi bila kofia ni mtu tu aliyesimama karibu na geti. Dereva mmoja alimpa sarafu. Hilo Baba hakumwambia mtu, lakini Dada Mkubwa aliiona ile sarafu juu ya meza na namna Baba alivyokuwa haitaki kuishika.

*

Siku mbili kabla ya onyesho Baba alirudi na habari. Kampuni yao ilikuwa imeombwa mlinzi wa kusimama mlangoni ndani ya ukumbi wa onyesho, Jumamosi mchana.

"Na nani kapangiwa?" Mama aliuliza, ingawa uso wa Baba ulikuwa umeshajibu.

"Natoka kiwandani asubuhi, naunganisha. Msimamizi kasema anataka kuona kama nimejirekebisha. Atapita mwenyewe."

"Utakuwa hujalala kabisa!"

"Nitasimama."

"Punda naye anasimama, na analala hivyo hivyo!" Mama alisahau kunong'ona, na jirani akasema "kweli kabisa" ukutani.

Wasichana walikaa kwenye kingo za vitanda vyao. Kishindo ndiye aliyeuliza kile walichokuwa wanakifikiria wote. "Yaani atavuliwa sare mbele yetu? Tukiwa jukwaani?"

"Hatavuliwa," Dada Mkubwa alisema. "Sisi ndio tutamweka macho. Tukipiga kwa nguvu zote, nani atalala?"

Ulikuwa mpango mzuri. Walikubaliana na kushikana mikono.

*

Ukumbi ulijaa. Ulikuwa na viti vya plastiki, feni moja iliyozunguka pale ilipopenda, na jukwaa lililonuka rangi mpya. Baba alisimama mlangoni karibu na viti viwili vya akiba, sare imepigwa pasi, kichwa wazi kikimeta. Mama alikaa katikati ya safu ya tatu, amebanwa kulia na kushoto, shingo ikigeuka kila mara kumchunga mumewe. Kila alipomwona anapepesa alitoa sauti ya "ksst!", na watu wa safu yake wote walikuwa wameshamchoka.

Fundi mitambo aliwauliza wasichana wanataka sauti kiasi gani.

"Zote," alisema Kishindo.

"Zote zipi?"

"Zote ulizonazo."

Mshereheshaji, kijana mwenye koti linalong'aa, aliwaita. "Mabibi na mabwana, jishikeni viti! Wanakuja Radi Tatuuu!"

Basi radi zikapiga. Sitaki kuwasema vibaya, magauni yao yalikuwa mazuri. Lakini ngoma zilimeza kinanda, gitaa likameza ngoma, spika moja ikapiga yowe lake peke yake, na Dada Mkubwa, akiwa hasikii kitu, aliingia kabla mlango haujafunguliwa. "USIGONGE!" alipiga kelele, na mzee mmoja safu ya mbele akanyanyua mikono kama aliyeambiwa usisogee. Mtoto akalia. Mtu nyuma akasema kwa sauti, "Jamani, umeme si huwa unakatika? Leo umekwenda wapi?" Watu walicheka. Safu mbili zilianza kutoka.

Baba peke yake alikuwa macho makavu kabisa. Alikuwa anasubiri kosa, likaja, akasubiri jingine, nalo likaja. Kwa mujibu wa mpango, kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri.

Wimbo uliisha. Makofi yalipigwa na Mama na fundi mitambo, na fundi alipiga kwa huruma. Wifi machozi yalikuwa yanamlengalenga. Dada Mkubwa aliona watu wakitoka, akaona mwanamke mmoja akivuta wenzake kwa mikono, akatamani jukwaa lipasuke limmeze.

"Haya," mshereheshaji alisema akijisugua sikio, "kumbe bado wanao wimbo mmoja. Mungu ni mwema. Kabla hawajaendelea, nina matangazo machache." Akaanza kutangaza habari za gari lililozuia njia, na funguo zilizookotwa, na kituo cha kuchajia simu, kwa sauti ya kubembeleza isiyokuwa na nukta.

Matangazo hayo ndiyo yaliyommaliza Baba. Alikaa kidogo tu kwenye kiti kimoja cha akiba, kunyoosha goti. Kidevu kikashuka kifuani.

Kishindo, aliyekuwa ameinua vijiti apasue ukumbi, alimwona kutoka jukwaani. Hakufikiri. Kwa majuma yote yale mkono wake ulikuwa umefundishwa jambo moja, kwamba Baba akilala unapiga hivi. Vijiti vilishuka kama vimevaa soksi. Dada Mkubwa aliisikia ngoma ile, akageuka, akamwona Baba, na mkono wake wenyewe ukateremsha sauti ya gitaa. Wifi alisogea kwenye kipaza sauti kwa sababu hakuna aliyekuwa anaimba. Wimbo wa pili ulisahaulika. Waliurudia uleule.

*Usigonge, sukuma tu,* Wifi alisema, kama anamwambia mtu mmoja aliye mlangoni.

Dada Mkubwa alisubiri, akaingia mahali pake.

Waliokuwa wanatoka walisimama. Mtoto akanyamaza kusikiliza. Mzee wa safu ya mbele aliinama mbele, mkono sikioni, na waliokuwa nyuma yake wakainama pia, mpaka ukumbi mzima ukawa umeegemea upande wa jukwaa. Katika ubeti wa pili ndipo Dada Mkubwa alipokumbuka mpango. Wamemlaza! Badala ya kumwamsha, wamemwimbia akalala. Alitazama kitufe cha sauti kwenye gitaa. Kugusa tu, radi ipige, Baba aruke juu. Na huu wimbo, ambao ndio kwanza wameupata, uharibike mbele ya watu hawa wote. Alikuwa ameshaupeleka mkono pale mlango wa ukumbi ulipofunguka, na msimamizi akaingia akinyata. Mkono wa Dada Mkubwa ulirudi wenyewe kwenye nyuzi, maana Wifi alikuwa ameshaanza mstari wake.

Mama alimwona. Alisimama, akatazama kulia na kushoto: magoti, mikoba, hakuna njia. Alikuwa na sauti yake. Neno moja tu la sokoni na mumewe angeamka, na msimamizi pengine angeanguka. Alivuta pumzi, mdomo ukafunguka. Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba alimsikia Wifi akimeza mate kati ya mistari. Yule mtoto wa watu, ambaye tangu aolewe pale hajawahi kusikika, alikuwa anasikika. Mama alibaki hivyo, mdomo wazi, hewa yote kifuani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake sauti haikutoka.

Msimamizi alifika mbele ya Baba. Alimtazama kidevu, akatikisa kichwa, akanyoosha mkono kwenye kola ya sare. Kisha akasita. Jambo la kumvua mtu nguo lina kelele zake, na watu walikuwa wametulia mno. Angesubiri wimbo uishe. Akakaa kwenye kiti cha pili cha akiba, mikono imekunjwa, kofia imekaa sawasawa.

Sasa kuna kitu ambacho walinzi wake wote walikuwa hawajakifikiria. Mtu anayezunguka usiku kucha akitafuta waliolala, yeye analala saa ngapi?

*Mlango sikuufunga,* waliimba wote watatu. Kofia ya msimamizi iliinama kidogo. Ikajirudi. Ikainama tena. Wimbo ulipofika mwisho alikuwa amekwenda kabisa, kichwa kimeegemea bega la mtu aliyekuja kumfukuza kazi.

Nyuzi zilinyamaza. Watu waliinua mikono wapige makofi, na hapo Mama akapata matumizi ya pumzi aliyokuwa ameishika. "Shhhhh!" alisema, kidole mdomoni, kingine kikielekeza mlangoni. Ukumbi mzima uligeuka. Uliwaona wale wawili. Mtu mmoja aliminya kicheko kwenye mkoba wake. Kisha yule mzee wa mbele alipunga mikono yote miwili hewani bila sauti, wa pembeni akapunga, na safu baada ya safu watu wakasimama wakipunga na kutikisa viganja, wengine machozi ya kicheko yakiwatoka, hakuna hata kiti kilicholia.

Ukimya huo ndio uliomwamsha Baba.

Alifungua macho, akaona watu wote wanampungia. Alipapasa kola: sare ipo. Akahisi uzito begani, akageuka polepole sana, akaona ni nani. Alitazama kofia ile kwa muda. Mama alisema baadaye kwamba aliona kabisa mawazo yakipita usoni mwake, mema na mabaya, kama watu wanaopishana mlangoni. Mwisho Baba aliinua mkono, akaivua kofia ya msimamizi, taratibu kama wanavyovuliwa wenzake, akaiweka magotini pake. Akatazama jukwaani kwa binti zake, akawafanyia ishara kwa kidole: endeleeni.

Waliendelea. Waliupiga tena wimbo wa mlango, halafu wa mwavuli, halafu wa shati, na aliyekuwa ametoka nje alirudi na kusimama. Walipochoka waliacha, na makofi safari hii hakuna wa kuyazuia.

Msimamizi aliruka kwenye kiti, mkono kichwani. Kichwa wazi. Alipapasa mbele na nyuma, akatazama chini ya kiti, akainua macho. Baba alikuwa amesimama wima mbele yake, visigino pamoja, macho makavu.

"Sikulala," msimamizi alisema haraka.

"Hapana, bosi."

"Nilikuwa nimefumba macho." Alitafuta neno, na alipolipata masikio yalimwaka. "Ili nisikie vizuri."

"Najua, bosi," alisema Baba, akampa kofia yake kwa mikono miwili. "Hata mimi huwa nafanya hivyo."

Msimamizi aliishika bila kuivaa. Alitazama upara wa Baba uking'aa chini ya taa, akakohoa. Kisha akaiweka mwenyewe kichwani pa Baba, akairekebisha kidogo upande wa kushoto, akatoka nje kwenda kwenye pikipiki yake. Kichwa wazi.